Kabla ya kusafiri na kadi ya benki, uliza pesa zako zitabadilishwa mara ngapi

Katika maduka ya jumla ya Deira, Dubai, mfanyabiashara kutoka Arusha, Kisumu au Bukavu akishaingiza kadi yake kwenye mashine ya malipo, mara nyingi kioo humuuliza swali moja: je, alipe kwa dirhamu au kwa sarafu ya nyumbani kwake? Swali linaonekana kama ukarimu. Shilingi anazifahamu, dirhamu inamchanganya, na mwenye duka anasubiri. Wengi hubonyeza sarafu ya kwao, huchukua risiti na kuondoka. Hapo hapo sehemu ya faida ya mzigo imeshakwenda kwa mtu mwingine, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata bidhaa nje sasa wengi wana kadi, na baadhi wanazo mbili au tatu. Ila wakati wa kuchagua, swali linaloulizwa zaidi benki ni kama kadi ni ya Visa au Mastercard, au kama ada yake ya mwaka ni ndogo. Hayo yana nafasi yake, lakini si yanayoamua faida. Linaloamua ni hili: kutoka kwenye akaunti ya nyumbani hadi kwenye mkono wa muuzaji, pesa itabadilishwa mara ngapi, na kila mara ni nani anayepanga bei ya kubadilisha?

Akiyajua hayo mawili, mfanyabiashara anaweza kuchagua kadi ya safari ya Guangzhou tofauti na ya safari ya Kampala, na akajua pia ni wapi kadi isitumike kabisa.

Gharama isiyoandikwa kwenye kadi

Kadi inapotumika nje ya nchi, makato yanaweza kutoka sehemu nne.

Ya kwanza ni bei ya kubadilisha fedha ya mtandao wa kadi, yaani Visa, Mastercard au UnionPay. Mitandao hii hupanga bei yake kila siku, na kwa kawaida bei hiyo huwa karibu na ile ya soko. Mitandao hii mitatu huweka bei hizo wazi kwenye tovuti zao, hivyo mtu anaweza kuziangalia kabla ya kulipa.

Ya pili ni nyongeza ya benki iliyotoa kadi. Hapa ndipo benki hutofautiana. Ipo inayoongeza asilimia 1 au 2 juu ya bei ya mtandao, na ipo inayoongeza zaidi ya hapo. Nyongeza hii mara nyingi haionekani kama ada kwenye taarifa ya akaunti. Huwa imeshachanganywa ndani ya bei, na mteja huona jumla tu.

Ya tatu ni ada za mashine ya kutolea fedha. Benki ya nyumbani hutoza, na mara nyingi mwenye mashine ya ugenini naye hutoza. Kwa kuwa ada hizi huwa na kiwango kisichobadilika au chenye kima cha chini, humuumiza zaidi anayetoa kidogo kidogo. Ada ya dola 5 kwa kutoa dola 50 ni asilimia 10. Ada hiyo hiyo kwa kutoa dola 500 ni asilimia 1.

Ya nne ni lile swali la kwenye kioo. Mteja akichagua kulipa kwa sarafu ya kwao, bei ya kubadilisha haipangwi tena na mtandao wa kadi. Inapangwa na kampuni inayohudumia mashine ya duka au hoteli, nayo huweka nyongeza yake, ambayo kwa kawaida ni kubwa. Benki ya nyumbani inaweza bado kutoza ada ya muamala wa nje, kwa sababu duka liko nje.

Hesabu ndogo inaonyesha tofauti. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme mfanyabiashara wa Tanzania ananunua vipuri vya dirhamu 7,345, ambazo ni sawa na dola 2,000, na dola moja kwa bei ya mtandao ni shilingi 2,600. Mzigo wake ni shilingi 5,200,000. Akilipa kwa dirhamu na benki yake ikaongeza asilimia 3, atakatwa shilingi 5,356,000. Akilipa kwa shilingi pale pale dukani na mwenye mashine akaongeza asilimia 6, atakatwa shilingi 5,512,000. Kitufe kimoja kimemgharimu shilingi 156,000 za ziada. Kwa anayesafiri mara sita kwa mwaka, hiyo inakaribia shilingi milioni moja.

Kanuni yake ni fupi na haibadiliki kutoka nchi moja hadi nyingine: kwenye mashine ya duka, ya hoteli au ya kutolea fedha, chagua sarafu ya nchi uliyopo. Muuzaji akibonyeza mwenyewe bila kuuliza, mteja aangalie kioo cha mashine kabla ya kuweka namba ya siri. Risiti ikitaja shilingi au faranga badala ya dirhamu, aombe muamala ufutwe na kurudiwa.

Akaunti ya dola si dawa kwa kila mtu

Ushauri unaosikika sana sokoni ni kufungua akaunti ya dola na kuchukua kadi yake. Kwa safari ya Dubai hoja hiyo ina msingi. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola tangu mwaka 1997 kwa kiwango cha dirhamu 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo mwenye dola hatarajii kushtushwa na bei kati ya siku ya kuondoka na siku ya kulipa.

Lakini swali ni dola hizo zimetoka wapi. Turudi kwenye mfano. Tuseme benki inatoza asilimia 1 kwa muamala wa nje kwenye kadi ya dola, hivyo vipuri vitakula dola 2,020. Kama mfanyabiashara alinunua dola hizo benki kwa shilingi 2,640, ametumia shilingi 5,332,800. Ameokoa kama shilingi 23,000 tu kulinganisha na aliyelipa kwa dirhamu kutoka akaunti ya shilingi. Kama alizinunua kwa shilingi 2,660, ametumia shilingi 5,373,200, na sasa yeye ndiye aliyelipa zaidi. Kubadilisha hakukukwepeka. Kulihamia tu kwenye dirisha la benki ya nyumbani.

Anayefaidika kweli na kadi ya dola ni yule anayeuza kwa dola. Mfanyabiashara wa Lubumbashi, Bukavu au Kinshasa, ambako dola hupokewa madukani kila siku, huweka mauzo yake kwenye akaunti ya dola na kununua Dubai bila kupitia faranga. Vivyo hivyo kwa mwenye kampuni ya utalii ya Arusha au Kigali anayelipwa kwa dola na wageni. Kwa anayeuza kwa shilingi au faranga, kadi ya dola ina faida nyingine: inamwezesha kununua dola kidogo kidogo bei inapokuwa nzuri, badala ya kulazimika kuzinunua siku ya safari kwa bei yoyote. Hiyo ni faida ya kupanga mapema, na asiyepanga hataipata.

Debiti, mkopo au ya kujaza

Kadi ya debiti, ile ya kawaida inayochota moja kwa moja kwenye akaunti, ndiyo iliyoenea zaidi. Ni rahisi kuipata na haina riba. Udhaifu wake ni kwamba kinachochotwa ni mtaji wenyewe. Kadi ikiibiwa au namba zake zikinakiliwa, fedha huondoka kwanza na malalamiko hufuata. Wakati benki ikichunguza, mfanyabiashara yuko ugenini bila fedha za mzigo. Ndiyo maana haifai kusafiri na kadi ya akaunti yenye mtaji wote. Afadhali kuwa na akaunti ya pili ya safari, inayojazwa kwa kiasi cha safari hiyo tu. Kinachobaki kwenye akaunti kuu kinahamishwa kwa simu kadiri kinavyohitajika.

Hoteli nazo huleta usumbufu kwa mwenye kadi ya debiti. Hoteli nyingi za nje huzuia kiasi fulani kama dhamana mgeni anapofika. Kwenye kadi ya mkopo, kinachozuiwa ni sehemu ya kikomo cha mkopo. Kwenye debiti, ni fedha halisi zinazofungwa, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kufunguliwa hata baada ya mgeni kuondoka. Aliyepanga kununulia mzigo fedha hizo atazikuta hazipo.

Kadi ya mkopo humpa mtu fedha za benki kwa muda. Akirejesha zote kabla ya tarehe ya malipo, kwa kawaida hatozwi riba kwa manunuzi. Muda huo hutofautiana na benki, na kwa nyingi hauzidi siku 50 hivi. Hapa mfanyabiashara wa mizigo ya meli anapaswa kutazama kalenda yake. Kontena kutoka bandari za kusini mwa China hadi Mombasa au Dar es Salaam huweza kuchukua mwezi mmoja au zaidi baharini. Bado kuna kulitoa bandarini, kusafirisha hadi Bujumbura au Kigali, na kuuza. Tarehe ya kulipa benki itafika mzigo ukiwa bado haujafunguliwa. Kadi ya mkopo inaweza kubeba nauli, hoteli na mizigo ya ndege inayouzwa ndani ya wiki mbili. Kuibebesha kontena ni kujitafutia riba.

Tena kadi ya mkopo isitumike kutolea fedha taslimu. Kwa kawaida benki hutoza ada ya kutoa na riba huanza siku hiyo hiyo, bila zile siku za bure. Asiye na historia ya mkopo anaweza kuuliza kama benki yake inatoa kadi ya mkopo kwa dhamana ya amana. Zipo benki za ukanda huu zinazofanya hivyo. Mteja hufunga kiasi fulani benki na kupewa kikomo kinacholingana nacho.

Aina ya tatu ni kadi ya kujaza fedha kabla. Haihitaji kuunganishwa na akaunti kuu, na kikiibiwa kitu ni kile kilichojazwa tu. Kwa anayesafiri mara moja moja, hii humlinda vizuri. Aulize mapema gharama ya kuijaza, ya kuitumia, na ya kurudishiwa salio baada ya safari, kwa kuwa ada za kadi hizi huwa nyingi ingawa kila moja ni ndogo.

Katika kundi hili zimeingia pia kadi za simu. Nchini Kenya, Safaricom ilizindua mwaka 2022 kadi isiyoshikika ya Visa inayochota kwenye M-Pesa kwa malipo ya nje. Huduma za namna hiyo zinafaa kulipia tiketi, hoteli na manunuzi ya mtandaoni. Dukani Dubai, ambako muuzaji anataka kadi ya kushika mkononi, zina mipaka.

Kila njia na kadi yake

Dubai ni sehemu rahisi kwa kadi. Visa na Mastercard hupokewa karibu kila mahali. Hata hivyo, wauzaji wengi wa jumla hushusha bei kwa anayelipa taslimu, na wengine huongeza asilimia kadhaa kwa anayelipa kwa kadi. Mfanyabiashara aulize bei zote mbili kabla ya kutoa kadi mfukoni. Kama punguzo la taslimu ni kubwa kuliko gharama ya kutoa fedha kwenye mashine, basi taslimu inashinda. Kama ni dogo, kadi inashinda kwa sababu inaacha kumbukumbu.

China ni habari nyingine. Katika masoko ya Guangzhou na Yiwu, malipo ya kila siku hufanywa kwa simu kupitia Alipay na WeChat Pay, na muuzaji mdogo anaweza kuikataa kadi ya Visa kwa kuwa hana mashine yake. Tangu mwaka 2023 programu zote mbili zinamruhusu mgeni kuunganisha kadi ya nje baada ya kujisajili kwa pasipoti. Mwaka 2024 kikomo cha muamala mmoja kwa wageni kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000, na cha mwaka mzima kutoka dola 10,000 hadi dola 50,000. Zilipofunguliwa kwa kadi za nje, malipo yasiyozidi yuani 200 hayakutozwa ada ya programu na yaliyozidi hapo yalitozwa asilimia 3. Makato ya benki ya nyumbani huja juu ya hayo. Kwa hiyo ni njia nzuri ya chakula, teksi na sampuli. Kwa mzigo mkubwa, asilimia hizo zinauma.

Kadi iliyounganishwa kwa namna hii hutumika kulipa maduka yaliyosajiliwa, si kumtumia mtu binafsi fedha. Muuzaji akisisitiza atumiwe kwenye namba yake mwenyewe, kadi haitasaidia, na pia hakutakuwa na ushahidi wa biashara. Kadi ya UnionPay, ambayo baadhi ya benki za Afrika Mashariki huitoa, ni msaada wa kweli kwenye mashine za kutolea fedha za China. Inatambulika kwa namba yake inayoanza na 62, kama Visa inavyoanza na 4. Anayekwenda China mara kwa mara anafaa kuwa na moja ya UnionPay na moja ya Visa au Mastercard.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hesabu ni tofauti, na hapa wengi hushangaa. Kadi ya benki ya Kenya inayotumika Kampala haibadilishi shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda moja kwa moja. Mara nyingi hupitia dola, na kila hatua ina bei yake. Safari ya kilomita chache kuvuka Busia au Malaba inaweza kugharimu kama safari ya bara jingine. Itifaki ya umoja wa fedha ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013 kwa matumaini ya kuwa na sarafu moja ifikapo 2024. Lengo hilo limesogezwa hadi 2031. Mpaka hapo, kadi ndani ya Jumuiya ibaki kuwa ya dharura na ya hoteli.

Kwa manunuzi makubwa kati ya nchi jirani, mfanyabiashara aiulize benki yake kuhusu Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, unaounganisha mifumo ya malipo ya benki kuu za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda na kuruhusu malipo kwa sarafu za ukanda huu. Kwa kiasi kidogo, huduma za fedha kwa simu zinazovuka mpaka, kama ile ya M-Pesa kati ya Kenya na Tanzania iliyoanza mwaka 2015, zinaweza kuwa nafuu kuliko kadi. Alinganishe kiasi atakachopokea mwenzake, asiangalie ada peke yake.

Anayekuja kununua Kariakoo akumbuke pia kwamba kanuni za mwaka 2025 nchini Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mgeni kutoka Lusaka au Lubumbashi hawezi tena kutegemea kumlipa muuzaji kwa dola mkononi. Atabadilisha benki au kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, au atalipa kwa kadi, ambayo humfikia muuzaji kama shilingi.

Burundi inahitaji tahadhari yake. Kumekuwa na pengo kubwa kati ya bei rasmi ya dola na bei ya mitaani. Kadi hufuata bei rasmi. Anayepanga bei ya mzigo kwa kufikiria bei ya mitaani, kisha akalipa kwa kadi, atakuta hesabu yake haifungi. Na kubadilisha fedha mitaani ni kosa linaloweza kumpotezea mtaji wote.

Siku kadi inapogoma

Kadi inategemea vitu vingi visivyo mikononi mwa mwenye nayo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilikatika na huduma zikadorora katika nchi kadhaa za ukanda huu. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, benki za mji zilifunga milango. Wenye fedha benki hawakuweza kuzifikia, na biashara ya mji ikabaki kutegemea taslimu na simu. Hakuna aina ya kadi ambayo ingezuia hayo. Kinachosaidia ni kutoweka kila kitu mahali pamoja.

Kwa sababu hiyo wanaosafiri sana hubeba kadi mbili za mitandao tofauti, kutoka benki mbili tofauti, na hawaziweki kwenye pochi moja. Hubeba pia taslimu ya kutosha siku tatu au nne. Taslimu hiyo nayo ina sheria zake. Kenya na Tanzania humtaka msafiri atamke fedha zinazofikia au kuzidi dola 10,000. China humtaka atamke fedha za kigeni zinazozidi dola 5,000 anapoingia, na Falme za Kiarabu zinazozidi dirhamu 60,000. Kutamka si kulipa kodi. Kuficha ndiko kunakoweza kufanya fedha zishikiliwe. Noti za dola ziwe safi, maana zilizochanika au kuandikwa hukataliwa sana, hasa Kongo.

Tatizo linalowakwamisha wengi si wizi, ni laini ya simu. Malipo mengi ya mtandaoni huthibitishwa kwa namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye laini iliyosajiliwa benki. Mfanyabiashara anayefika Guangzhou, akatoa laini ya nyumbani na kuweka ya China, hataupata ujumbe huo, na muamala utakataliwa. Kabla ya safari laini ya nyumbani iwezeshwe kupokea ujumbe nje ya nchi na ibaki ndani ya simu. Laini ya ugenini iwekwe kwenye nafasi ya pili.

Benki nazo huweza kuifunga kadi zinapoona imetumika ghafla nchi nyingine. Nyingine huwa zimezima matumizi ya nje tangu mwanzo, hadi mteja aombe. Taarifa ya safari, yenye nchi na tarehe, itolewe benki mapema, na kikomo cha siku cha kutoa na cha kulipa kiulizwe. Haina maana kuwa na dola 8,000 kwenye akaunti wakati kadi inaruhusu kulipa dola 1,000 kwa siku.

Malipo yakifanyika mara mbili, au bidhaa iliyolipiwa kwa kadi isipoletwa, mteja ana haki ya kupinga muamala kupitia benki yake. Mitandao ya kadi ina utaratibu huo kwa debiti na kwa mkopo. Muda wake una kikomo, kwa hiyo malalamiko yapelekwe mara moja, pamoja na risiti, ankara na mawasiliano na muuzaji. Aliyelipa taslimu bila risiti, au aliyetuma fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi, hana mlango huo.

Maswali ya kwenda nayo benki

Maofisa wa benki huanza na sifa za kadi. Mfanyabiashara aanze na maswali yake, na aombe majibu kwa maandishi au aonyeshwe kwenye orodha ya ada ambayo benki hutakiwa kuiweka wazi:

- Nikilipa nje ya nchi, mnaongeza asilimia ngapi juu ya bei ya mtandao wa kadi?
- Muamala wangu hupitia dola kwanza, au hubadilishwa moja kwa moja kuwa sarafu yangu?
- Kutoa fedha kwenye mashine ya nje ni kiasi gani, na kuangalia salio je?
- Kikomo cha siku ni kiasi gani, na ninaweza kukibadilisha nikiwa nje?
- Kadi ikipotea saa nane za usiku, napiga namba gani, na inapokewa?
- Ninaweza kuifunga na kuifungua mwenyewe kwa simu?
- Muamala wenye makosa nina siku ngapi za kuupinga?

Benki isiyoweza kujibu swali la kwanza inamtaka mteja anunue kitu ambacho bei yake haijulikani. Hakuna mfanyabiashara anayekubali hivyo akinunua vitenge au vipuri.

Baada ya majibu, kadi ijaribiwe nyumbani kabla ya safari: alipe kitu kidogo dukani, atoe fedha mara moja, anunue kitu kidogo mtandaoni ili aone kama ujumbe wa uthibitisho unafika. Akifika ugenini, aanze kwa muamala mdogo. Siku inayofuata aangalie kwenye simu ni kiasi gani kimekatwa, agawanye kwa kiasi alicholipa, na hapo ataijua bei halisi ya benki yake, si ile iliyotangazwa.

Akirudi, kazi ya mwisho ni kuchukua taarifa ya akaunti na kujumlisha makato yote ya safari: ya kubadilisha, ya mashine, ya miamala. Jumla hiyo iwekwe kwenye daftari pamoja na nauli, ushuru na usafiri, kisha igawanywe kwa idadi ya bidhaa. Wapo wanaouza mzigo kwa bei inayoonekana kuwa na faida, huku asilimia 5 au 6 ya mtaji ikiwa imeliwa kwenye mashine za malipo na haijaingizwa popote. Gharama iliyoandikwa daftarini inaweza kupunguzwa safari ijayo. Isiyoandikwa itaendelea kula mtaji safari baada ya safari.